Visawe vya Toka

Fundi Geti hakuwa kiziwi. Hilo tuliweke sawa mapema, maana wapo watu mpaka leo wanasema yale mambo yalitokea kwa sababu ya ukiziwi, na wengine wanasema ni roho mbaya, na wote wanaropoka tu. Sikio lake la kulia lilikuwa zima kabisa. La kushoto ndilo lililokuwa limechoka, kwa miaka ya kusimama pembeni ya mashine ya kukatia chuma inayopiga kelele kutwa nzima. Ukitaka kuzungumza naye ulihamia upande wa kulia, basi, maisha yakaendelea. Mkewe alijua, bintiye alijua, hata wateja wa mageti na madirisha walijua.

Sasa Ijumaa ile simu ilipolia, mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika fimbo ya kuchomelea ikiwa bado ya moto. Akaipokea simu kwa mkono wa kushoto, akaibandika kwenye sikio la kushoto. Mwenzake wa karakana, bwana mmoja mnene wanayemwita Kipara, alikuwa ameinamia bomba analikata, cheche zinaruka mpaka barabarani. Mpigaji alikuwa shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa akimuuguza mgonjwa katika hospitali ya mji wa wazazi wao, mwendo wa usiku mzima kwa basi.

"Shemeji," sauti ikasema, ikapotea, ikarudi. "Mdogo wangu ametoka."

Ndivyo alivyosikia. Ametoka.

"Katoka?" alifoka kushindana na mashine. "Lini?"

"Saa hii hii, shemeji. Saa hii hii, mikononi mwangu."

"Afadhali!" alipiga kelele Fundi Geti, na ile fimbo ikamponyoka ikaanguka chini. "Mungu mkubwa! Afadhali kweli, shemeji, tumeteseka vya kutosha! Sasa unalia nini? Usilie, hii ni siku ya kufurahi!"

Simu ikakatika. Akapiga tena, haipatikani. Akajua ni chaji, watu wa wodini siku zote wanahangaika na chaji. Akamgeukia Kipara, akamzimia mashine kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia mama watoto ameruhusiwa, ametoka hospitali, na Kipara, pamoja na unene wake wote, akacheza pale pale katikati ya vyuma mpaka mwenye duka la pili akachungulia kuona kuna nini. Wakanywa soda. Msiwacheke. Hakuna mtu aliyekuwa na sababu ya kufurahi kama Fundi Geti mchana ule.

Mkewe alikuwa dobi. Alikuwa akifua na kupiga pasi mashuka ya ile shule ya bweni ya wasichana iliyoko kilimani, na kila alipokunja shuka alisema, "Juu ya hili atalala mwanangu, wala hatajua nani kalinyoosha." Ulikuwa utani lakini haukuwa utani. Shule ile huingii kwa kujuana. Ni mtihani, asubuhi moja kwa mwaka, na umri ukishapita umepita, hata ulie machozi ya damu. Binti yao alikuwa kwenye mwaka wake wa mwisho wa kuruhusiwa. Basi, mtihani ukiwa umeshabisha hodi, miguu ya mama ikaanza kuvimba, uso ukafuata, pumzi ikawa ya kuvuta kwa shida. Kaka zake wakaja kumchukua wampeleke hospitali ya kwao. Ameshapakiwa garini, akashusha kioo. "Wewe baki na mtoto," alimwambia mumewe. "Mtihani usimpite."

Akabaki. Roho ilikuwa huko, mwili uko karakanani, lakini alibaki.

Kwa hiyo alipoamini kwamba mkewe ametoka, hakurudi kwenye geti la mtu alilokuwa akilichomelea. Alitafuta bomba zuri lisilo na kutu, akalikata, akalipinda pembe mbili, akalisugua kwa msasa mpaka likawa laini kama kipini cha mwiko. Alijua mgonjwa atarudi miguu haina nguvu. Choo chao kilikuwa mwisho wa korido, na pale kwenye kizingiti mtu mzima mwenye afya tele alikuwa akijikwaa, sembuse yeye. Atashika hapa, aliwaza, ataingia taratibu, atatoka taratibu. Akalipaka rangi ya kijani kwa sababu ndiyo mkewe aliyoipenda, akalibeba begani mpaka nyumbani kabla rangi haijakauka vizuri, na shati likaharibika, naye hakujali hata kidogo.

Binti alikuwa amekaa sakafuni sebuleni, amezungukwa na nakala za mitihani ya miaka iliyopita. Baba yake alimwita Profesa, si kwa kumsifu, kwa kumchokoza, maana tangu aanze masomo ya ziada alikuwa hakuachi umalize sentensi bila kuirekebisha.

"Profesa! Mama katoka!"

Mtoto aliruka, karatasi zikatawanyika. Alimkumbatia baba yake, naye akapata rangi ya kijani shavuni. Alicheka, akalia kidogo, akacheka tena. Akauliza anakuja lini, baba akasema ataulizia, pengine wanampumzisha kwanza kwa bibi. Wakaanza kazi. Waligeuza godoro la mama, wakalipiga mpaka likatoa vumbi la miezi, wakatandika shuka lililokuwa limehifadhiwa kwenye begi. Binti akafagia chini ya kitanda, mahali ambapo, tuseme ukweli, hapakuwahi kufagiwa tangu mama aondoke. Baba akatoboa ukuta wa korido, akaanza kukaza lile bomba.

"Lakini kesho ni kesho," alisema huku akikaza. "Mama yako akikuta umefeli, atarudi hospitali yeye mwenyewe. Lete hizo karatasi nikuulize."

Binti alimletea, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, upande wa kulia wa baba yake kama kawaida. Sehemu iliyokuwa ikimsumbua ilikuwa ya visawe vya vitenzi. Kila mwaka huulizwa, na mwalimu wa masomo ya ziada alikuwa amewaambia hapo ndipo wengi huanguka, kwa sababu wanadhani wanajua.

"Kimbia," alisoma baba.

"Timka. Timua mbio."

"Na toka nduki."

"Baba, ukiandika toka nduki, wewe ndiye utakayetolewa nduki."

"Kwani si Kiswahili?"

"Ni Kiswahili cha karakanani."

"Haya, mwenye Kiswahili cha ikulu. Danganya."

"Hadaa. Laghai. Ghilibu."

"Umesahau piga fiksi."

"Fiksi yako kaichomelee kwenye geti."

Alicheka sana Fundi Geti. Muda mrefu alikuwa hajacheka ndani ya nyumba ile, na alijisikia vibaya kidogo kwa kicheko chenyewe, kisha akakumbuka kwamba sasa ruksa, mgonjwa ametoka. Akaendelea kuuliza. Ficha: sitiri. Furahi: changamka, hilo mwalimu analikubali shingo upande. Chukia. Tazama. Kila jibu sahihi alikaza skrubu, kila kosa alilegeza kidogo, huo ndio uliokuwa mchezo wao, na lile bomba lilikuwa karibu kukaa sawa.

"Toka," alisoma.

"Ondoka. Chomoka. Ila hapo mwalimu ametuonya, baba." Binti alinyoosha kidole vile vile anavyokinyoosha mwalimu wake. "Hapo pana mtego. Ukiona ametoka, sawa, huyo ameondoka mahali. Lakini ukiona ametutoka, ile silabi ya tu imeingia katikati, usikimbilie kuandika kaondoka. Huyo amekufa. Mwaka juzi waliwatega hapo, walianguka chungu nzima! Ametutoka ni kisawe cha fariki, aga dunia, kata roho. Na tangulia. Na pumzika, ikitegemea sentensi. Silabi moja tu, baba, fikiria! Mwalimu anasema anayesoma haraka anamfufua maiti."

Akacheka kwa ule utani wa mwalimu.

Bisibisi ya Fundi Geti ilisimama. Hakuiona korido, wala bomba, wala mtoto. Alikuwa karakanani tena, simu iko sikioni, na sasa mashine ya Kipara ilikuwa kimya, na sauti ya shemeji ilikuwa inakuja safi, neno moja baada ya jingine. Kulikuwa na kitu pale katikati. Alikuwa amekisikia. Kilipita kama tuta dogo barabarani, naye akaendelea na safari. Mdogo wangu ame, halafu kile kitu, halafu toka. Na mtu gani anamtoa mgonjwa hospitali kisha anasema mikononi mwangu? Na kilio kile, jamani, kilio kile alikiita cha furaha kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na furaha.

"Baba? Mbona umenyamaza?"

"Macho," alisema. "Moto wa kuchomelea. Leo sikuvaa miwani."

Mafundi wa kuchomelea macho huwawasha jioni, yanatiririka yenyewe, na mtoto alilijua hilo tangu anatambaa. Akaenda kuchovya kitambaa kwenye maji, akamletea, akamwinamisha kichwa nyuma na kumwekea machoni kwa mikono yote miwili. "Mama akija nitamsemea," alisema. "Kila siku anakwambia vaa miwani." Fundi Geti alikaa vile, shingo imelala nyuma, kitambaa usoni, na machozi yakapita chini ya kitambaa yakaingia masikioni, na mtoto akayafuta akidhani ni maji.

Alipoweza kusimama alisema anakwenda kuchungulia nje. Jua lilikuwa linazama. Alikwenda nyuma ya nyumba, kwenye tangi la maji, akapiga simu akiwa ameishikilia kwenye sikio la kulia kwa mikono miwili. Safari hii iliita. Iliita sana.

"Umepiga kufanya nini?" Shemeji alikuwa amekauka sauti.

"Shemeji, samahani. Niambie tena. Mchana uliniambia nini?"

"Nilikwambia mdogo wangu ametutoka. Na wewe ukaniambia afadhali." Alivuta pumzi. "Mwili haujapoa, shemeji. Ukaniambia hii ni siku ya kufurahi. Nilikuwa nimeweka simu kwenye spika ili kaka zangu nao wakusikie, mtu wa kwanza wa kulia nasi."

"Nilisikia katoka." Akaegemea tangi. "Mashine ilikuwa inalia. Nilidhani wamemruhusu. Wallahi shemeji, nimetengeneza na bomba la kushikilia, la chooni, ashike. Limekaa ukutani sasa hivi."

Kisha akasikia mwanamke mtu mzima analia kama mtoto mdogo, na safari hii hakukikosea kilio. Walilia wote wawili, kila mmoja kwake, kila mmoja amekaba mdomo ili wa nyumbani wasisikie.

"Kaka zangu hawataki hata kulisikia jina lako," alisema shemeji baadaye. "Nitawaeleza. Sijui kama watanielewa. Mtoto amepokeaje?"

"Mtoto anajua mama yake katoka."

"Mungu wangu."

"Ametandika kitanda."

"Mungu wangu, shemeji. Mwambie sasa hivi. Mpande basi la usiku huu, asubuhi mtakuwa hapa. Tunazika saa nne. Tungewangoja, lakini chumba cha maiti mashine ya baridi imekufa, wanatoa kila mtu. Haiwezekani kulaza zaidi."

"Kesho asubuhi ana mtihani."

"Mtihani gani?"

"Ule. Wa kilimani."

Shemeji akashusha sauti. "Huyu ni mama yake. Mlete mtoto amzike mama yake."

"Najua ni mama yake! Na nani aliyesema mtihani usimpite? Mimi? Nikimpandisha basi leo, umepita. Mwakani umri haumruhusu. Atakuwa hana mama na hana shule!"

"Atakuwa amemzika."

Fundi Geti alitazama dirisha la nyumba yake, taa ilikuwa imewashwa chumba cha mgonjwa, na kivuli cha mtoto kilikuwa kinapita na kurudi, kinapanga panga vitu. Mimi simtetei. Wala simlaani, maana sikuwa nimesimama pale kwenye tangi. Angeweza kumwambia mtoto na kumwachia mwenyewe achague. Alilifikiria hilo, na akaogopa, akaogopa jibu lolote ambalo angelipata. Akiambiwa twende, shule imekwenda. Akiambiwa nitafanya mtihani, mtoto wa umri ule atabeba maneno hayo mpaka uzee wake. Akaona abebe yeye. Ndivyo alivyojiambia, abebe yeye.

"Zikeni," alisema. "Nami sitakuja. Nikiondoka peke yangu atajua."

"Hutamzika mkeo?"

Akakata simu.

Ndani, kitanda kilikuwa kimenyooshwa hakina hata kunyanzi. Juu ya mto binti alikuwa ameweka kanga ya mama yake, imekunjwa kwa mkunjo wa kidobi, pembe kwa pembe, kama alivyofundishwa.

"Baba, tumpigie mama! Nataka nimsikie tu sauti."

"Amelala," alisema.

Neno lilishamtoka ndipo akalisikia.

"Sasa hivi? Mapema hivi?"

"Amechoka na safari ya... na mambo ya kutoka. Mwache apumzike."

Loo! Hata uongo wenyewe ulimgeukia. Kila neno alilolishika kumficha mtoto lilikuwa neno lile lile, limevaa shati jingine. Amelala. Amepumzika. Mtu unataka kudanganya na Kiswahili kinakataa, kinakusemea ukweli mdomoni mwako mwenyewe. Mtoto alikuwa amefundishwa visawe vyote hivyo na alikuwa amesimama mbele yake anatabasamu. Wala hakushtuka. Alikuwa na furaha, na mwenye furaha husikia anachokitaka, kama baba yake mchana ule.

"Basi kesho nikitoka kwenye mtihani ndio nampigia," alisema. "Nimwambie na habari ya mtihani hapo hapo."

"Ndiyo. Kesho."

Alilala usingizi mzuri, yule mtoto. Baba yake hakulala, na sina haja ya kueleza usiku wake.

Asubuhi alimpigia pasi sketi mwenyewe, vibaya. Njiani kupanda kilima binti alikuwa akijiuliza na kujijibu, nena, tamka, ghadhibika, hamaki, na baba akiitikia ehe, ehe, hata pale asiposikia. Geti la shule lilikuwa kubwa, la chuma kizito, na kwa mazoea ya kazi macho yake yaliona kwamba bawaba ya chini imechomelewa ovyo. Mlinzi aliwapanga watoto mstari. Binti aligeuka kabla ya kuingia, akapunga mkono.

"Niombee, baba!"

"Nakuombea, mwanangu."

Wazazi walijaa kwenye ukuta wa nje, wengine na viti vyao, wengine wamekaa juu ya matofali. Walikuwa na gumzo: nani mwanawe hakulala, nani mwanawe ametapika asubuhi. Mama mmoja mchangamfu, mwenye chupa kubwa ya chai, akamsogezea kikombe Fundi Geti na kumuuliza mama mtoto yuko wapi, mbona kamwachia baba kazi. Akasema amesafiri. Akaona hilo nalo ni kisawe, akataka kucheka, akakitazama kikombe.

Saa nne kengele ililia ndani ya shule. Kelele za watoto zikafurika nyuma ya ukuta, zikavuka mpaka barabarani. Fundi Geti alisimama, akatoa kofia. Wazazi wengine walimtazama. Alibaki amesimama vile vile, kofia mkononi, uso ameuelekeza ukutani, akiwaza udongo, akiwaza nani ameshika upande wa kichwa, akiwaza kwamba yeye ndiye aliyepaswa kushuka mle ndani kumpokea. Alitaka kusema neno la kumuaga mkewe na hakulipata. Kengele ikalia tena, kukanyamaza, naye akavaa kofia yake, akakaa. Baadaye simu ikatetema mfukoni. Shemeji alikuwa ameandika, Tumemaliza.

Kati ya hapo na mchana alikuwa akichagua neno. Amefariki lilikuwa la redioni. Ametangulia, mtoto angeuliza wapi. Ametuacha, kana kwamba alipenda. Kulikuwa na maneno mengi ya upole, bintiye mwenyewe alimpangia jana, kila moja lina mto wa kukalia, na yeye akayapima moja moja, akaamua atasema Mungu amemchukua, polepole, wakishafika mahali pana kivuli na hakuna watu.

Geti lilifunguliwa. Binti alitoka akikimbia, begi linampiga mgongoni.

"Baba! Vimekuja vyote! Vyote tulivyofanya! Ghilibu imekuja, tazama imekuja, sitiri imekuja, nimemaliza kabla ya muda nikarudia tena! Nipe simu. Nipe simu nimpigie mama."

Mkono ulikuwa umenyooshwa mbele yake, kiganja juu, kidole cha kati kina wino.

"Mama yako amekufa," alisema Fundi Geti.

Lilimtoka hilo. Yote aliyoyapanga yalikimbia, likabaki hilo moja, hapo hapo kwenye geti, watu wamejaa.

Mtoto hakuurudisha mkono. "Katoka," alisema. "Ulisema katoka."

"Nilisikia vibaya. Mama mkubwa alisema..." Akashindwa. Akajaribu tena. "Mashine ilikuwa inalia. Ile tu sikuisikia."

Alielewa mara moja. Alikuwa ametoka chumba cha mtihani sasa hivi, akili imenolewa, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Baba yake aliuona uso wake ukifanya kazi, unapanga, unatafuta, na kila ulichokipata kikawa kinamzeesha.

"Ulijua lini?"

"Jana jioni."

"Jioni saa ngapi? Tulipokuwa tunatandika?"

"Hapana. Baadaye." Hakutaka kulisema, lakini alikuwa amechoka kuficha, hata kwa silabi moja. "Uliponieleza ule mtego."

Mdomo wa mtoto ulifunguka kidogo. "Mimi ndiye niliyekwambia?"

"Mwanangu, hukujua."

"Mimi nilikwambia, nikacheka."

"Hukujua, mama. Hukujua."

Alijaribu kumshika bega. Binti alirudi hatua nyuma, akaurudisha ule mkono, akaushika kwa mkono wake mwingine kana kwamba ni wa mtu mwingine. Watoto walikuwa wakiendelea kutoka, wanaitana, wanalinganisha majibu.

"Tunaenda kumzika lini?"

Fundi Geti alitazama chini.

"Baba. Lini?"

"Wamezika leo. Saa nne."

Binti akaanza kuhesabu. Alihesabu kwa macho, kama mtu anayekumbuka ukurasa. "Saa nne tulikuwa mapumziko," alisema. "Kulikuwa na msichana mmoja, simjui, alikuwa anamwigiza msimamizi anavyotembea. Kanyanyua mabega hivi." Akanyanyua mabega yake kidogo, kuonyesha, yakakwama pale juu. "Nilikuwa nacheka, baba. Nilicheka mpaka nikakaa chini."

Mwanamume mzima, anapinda chuma kwa mikono yake, na mabega yale hakuweza kuyashusha.

Yule mama wa chupa ya chai alikuwa anapita na binti yake, wameshikana mikono. Hakusikia kitu. Akamwona mtoto wa jirani yake wa ukutani, akatabasamu.

"Na wewe mwanangu, umefanyaje? Umefanya vizuri?"

"Shikamoo, mama," alisema binti. "Nimefanya vizuri."

"Marahaba. Mama yako atafurahi huyo!"

"Ndiyo, mama."

Walipopita, alishusha mabega, akalivua begi mgongoni, akaliweka miguuni mwa baba yake, akaanza kuteremka kilima peke yake. Fundi Geti akaliokota, akamfuata kwa mbali.